UZI: Kurekodi skrini ya simu kwa video ili kumwelekeza mtu aliye mbali, bila kuanika siri zako

Katibu wa Ngamiani (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam kutoka Tanga.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani. Wanachama wetu wengi ni akina mama wanaouza samaki Deep Sea, mama lishe, na wachache waliohamia Pangani na Muheza ambao hisa zao bado ziko kwetu. Tangu tulipoacha kupokea fedha mkononi na kuanza kutumiana kwa simu, kila Jumamosi jioni nilikuwa napigiwa kwa swali lile lile: "Katibu, nimefika hapa, sasa nibonyeze wapi?" Kumwelekeza mtu kwa mdomo katika kitu anachokiona yeye na wewe hukioni ni kazi ngumu sana, mwenzako anasema kimetokea kidude cha bluu, wewe hujui ni kidude kipi, mwishowe mnakata simu mmechoka wote wawili na hisa haijatumwa.

Ndipo kijana mmoja wa jirani aliponiambia kwamba simu yangu inaweza kujirekodi yenyewe, yaani kila kinachopita kwenye kioo kikawa video pamoja na sauti yangu nikieleza. Nimeitumia njia hiyo kwa miezi kadhaa sasa na imetufaa mno. Hata hivyo, kabla ya kueleza namna ya kurekodi naomba nieleze kosa nililofanya, kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika.

Video yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika nne. Nilijirekodi nikituma hisa yangu halisi kwa menyu ya nyota na reli, tangu kupiga namba hadi kupokea ujumbe wa uthibitisho, kisha nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp saa mbili usiku. Haikupita robo saa, mwanachama mmoja, mama mtu mzima, akanipigia na kuniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, namba yako ya siri nimeiona. Kaibadilishe kabla hujalala." Niliirudia video nikakuta ni kweli: ndani ya kile kisanduku cheupe cha kujaza, tarakimu zangu nne zimekaa wazi, moja baada ya nyingine, bila nukta ya kuzificha. Programu nyingi za simu huficha namba ya siri kwa nukta, lakini menyu ya nyota na reli kwenye simu yangu haifichi. Unapoandika peke yako huoni hatari kwa sababu ni jambo la sekunde mbili. Kwenye video, sekunde zile mbili mtu anaweza kuzisimamisha akazitazama apendavyo.

Namba niliibadilisha usiku ule ule na video nikaifuta kwa wote, ingawa nilijua kwamba aliyekwisha kuipakua anaweza kubaki nayo. Lililoniumiza zaidi lilikuwa jingine. Katikati ya video, juu ya skrini, ilikuwa imedondoka arifa ya ujumbe kutoka kwa mwanachama aliyekuwa akiomba kuongezewa muda wa kulipa mkopo, jina lake na kiasi anachodaiwa vikisomeka. Namba ya siri ilikuwa yangu, nami ningebeba hasara yangu. Lakini shida ya yule mwenzetu alinikabidhi mimi peke yangu, na mimi nikaianika mbele ya kikundi kizima. Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi.

Sasa nieleze ninavyofanya tangu siku hiyo.

Kwenye simu za Android, kuanzia toleo la 11 lililotoka mwaka 2020, uwezo wa kurekodi skrini umo ndani ya mfumo wenyewe, na simu za baadhi ya makampuni zilikuwa nao hata kabla ya hapo. Vuta pazia la juu kwa kidole, livute tena lifunguke lote, utafute kitufe cha kurekodi skrini kati ya vile vya tochi na Wi-Fi. Usipokiona, gusa alama ya kalamu inayoruhusu kupanga vitufe, huenda kimefichwa huko chini. Ukikigusa, simu itakuuliza mambo mawili matatu, hasa kama unataka sauti na kama unataka miguso yako ionekane. Hilo la miguso likubali, kwa sababu kila unapogusa hutokea kiduara kidogo chini ya kidole, na kwa mtu anayejifunza kiduara hicho ndicho mwalimu mwenyewe. Kwenye iPhone uwezo huu ulikuja na iOS 11 mwaka 2017. Kitufe chake ni duara lenye nukta nene katikati, unakiongeza kwenye paneli ya vitufe vya haraka, unakigusa, simu inahesabu tatu, mbili, moja, kisha inaanza. Ukitaka sauti yako iingie, kishikilie kitufe hicho bila kukiachia hadi itokee alama ya maikrofoni, uiwashe.

Kabla ya kugusa kitufe hicho ninaiandaa skrini kama mtu anavyoandaa sebule mgeni akiwa njiani. Kwanza ninawasha hali ya Usinisumbue na kuhakikisha imepangwa kuzuia arifa zisijitokeze juu ya skrini, kwa maana kwenye simu nyingine hali hiyo hunyamazisha mlio tu na maandishi yakaendelea kudondoka. Pili, ninakuza maandishi ya simu hatua moja au mbili, kwa kuwa video itatazamwa kwenye vioo vidogo na watu ambao macho yao si ya ujana. Mwangaza wa kioo hauna haja ya kuguswa, kwani video haibebi mwangaza wa simu yako. Anayetazama ataiona kwa mwangaza wa simu yake. Tatu, ninafunga kila programu niliyoiacha wazi, maana ukibadilisha programu wakati unarekodi, picha ndogo za zile nyingine zote hupita mbele ya watazamaji.

Na namba ya siri sirekodi tena. Nikifika mahali pake ninasema, "Hapa utaandika namba yako ya siri, usimwonyeshe mtu," kisha ninasimamisha kurekodi. Ninamaliza muamala, ninaufunga ujumbe wenye salio, halafu ninaanza kipande cha pili. Vipande viwili vifupi vinaeleweka vizuri kuliko kimoja kirefu chenye siri yako ndani.

Naomba wenye ujuzi zaidi waongezee, na waliokwama waulize.

Binti wa Pangani

Shikamoo Katibu, na ahsante kwa kueleza jambo hili kwa unyofu. Mama yangu yuko Pangani nami niko Tanga mjini, na hali uliyoieleza ya "nibonyeze wapi" naijua vizuri sana.

Nimejaribu jana kurekodi nikimwelekeza namna ya kumpigia mdogo wangu simu ya video kwa WhatsApp. Picha imetoka safi, lakini nilipompigia mdogo wangu ili mama aone mfano, sauti ya mdogo wangu haikuingia kabisa, na hata yangu ikawa inakatika. Je, simu yangu ni mbovu, au kuna mahali sijapawasha? La pili, video ya dakika tano imefika karibu MB 300, na mama bando lake ni la mawazo. Nifanyeje?

Fundi Mkwakwani

Dada, simu yako ni nzima. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana swali la sauti huletwa kibandani kwangu mara kwa mara na watu hulipia matengenezo yasiyohitajika.

Sauti katika kurekodi skrini hutoka sehemu mbili tofauti. Kuna sauti ya maikrofoni, yaani wewe unayezungumza na kila kilichokuzunguka, na kuna sauti ya ndani, yaani ile inayotolewa na programu zenyewe, kama muziki au mchezo. Kwa miaka mingi Android haikuruhusu programu za kawaida kunasa sauti ya ndani. Mlango ulifunguliwa na Android 10 mwaka 2019, tena kwa masharti. Inayonaswa ni sauti ya aina ya muziki, video na michezo, na mwenye programu anaweza kuikataza yake isinaswe. Sauti ya mazungumzo ya simu, iwe ya kawaida au ya WhatsApp, haimo katika aina zinazoruhusiwa. Hapo unarekodi mazungumzo ya watu wawili, na waliotengeneza mfumo waliona si sawa yanaswe kimyakimya. Maikrofoni yako nayo ilikuwa inatumiwa na simu uliyopiga, ndiyo maana ikakatika. Kwa somo la mama, rekodi hatua zote hadi kitufe cha kupiga, ukionyeshe, uishie hapo.

Jambo la pili linalohusiana na hilo ni skrini kuwa nyeusi. Watu huja wakisema, "Fundi, nikirekodi programu ya benki video inatoka giza." Programu ya benki imeuambia mfumo wa simu kwamba kurasa zake zisipigwe picha wala kurekodiwa, na mfumo umetii. Programu za kuonyesha filamu hufanya hivyo hivyo kwa ajili ya hakimiliki, na picha za WhatsApp za kutazamwa mara moja zimezuiwa pia. Ukikutana na giza hilo, usitafute programu ya kulivunja. Ninawaomba hili kwa dhati, kwa sababu nimeshasafisha simu za watu waliopakua programu za namna hiyo nje ya duka rasmi, wakaipa programu ya mtu wasiyemjua ruhusa ya kuona kila kinachopita kwenye kioo.

Kuhusu ukubwa, hesabu yake ni nyepesi. Kinachoamua uzito wa video ni kiasi cha data kinachoandikwa kila sekunde. Ikiwa simu inaandika megabiti 8 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 1, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Dakika moja ni MB 60 na dakika tano ni MB 300. Ndiyo hiyo yako. Kwenye simu zinazoruhusu kuchagua ubora, shusha kutoka 1080 hadi 720, na kama kuna kuchagua fremu, yaani idadi ya picha zinazonaswa kila sekunde, chukua 30 badala ya 60, kwa sababu kurasa za menyu hazikimbii kama mpira. Kisha fupisha maneno.

Hapo zamani kidogo jambo hili lilikuwa la mafundi tu. Android 4.4, ya mwaka 2013, ilileta amri ya kurekodi skrini ambayo ilibidi uitoe kwenye kompyuta, simu ikiwa imechomekwa kwa waya, na kila rekodi ilikomea dakika tatu. Mwaka uliofuata Android 5.0 ikaziruhusu programu za kawaida kurekodi baada ya mwenye simu kukubali.

Katibu wa Ngamiani

Fundi, ahsante sana. Nami niongeze kidogo kwa dada wa Pangani juu ya kutuma. Ukituma video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana ili ipungue uzito, na maandishi madogo yakawa kama yamepakwa mafuta. Ukiituma kama faili badala ya video, inafika jinsi ilivyo, lakini mpokeaji analipia kila MB. Mimi nimechagua kukuza maandishi kabla ya kurekodi, nikakata somo katika vipande visivyozidi dakika moja, nikatuma kwa njia ya kawaida. Maandishi yaliyokuzwa hustahimili kubanwa.

Kuhusu sauti, nilirekodi mara mbili nikiwa nimekaa barazani, na kengele za baiskeli zikawa zinasikika kuliko mimi. Sasa ninaingia chumbani, ninafunga dirisha, ninaweka simu mezani na kuzungumza polepole. Nimejifunza pia kutaja mahali badala ya kusema "hapa". Anayesikiliza huku anatafuta miwani anahitaji kusikia "chini kabisa, upande wa kulia". Na kila baada ya kugusa ninasubiri sekunde mbili kimya, kwa sababu jicho la mgeni linahitaji muda wa kufika ulipofika wewe.

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Nimefuatilia uzi huu kwa makini, nami nina swali la upande mwingine. Nina mgogoro mdogo na mtu niliyemuuzia mti wa mbao. Makubaliano yetu yote tuliyafanya kwa ujumbe wa WhatsApp. Nimeshauriwa nipige picha za skrini, lakini mashauriano yetu ni marefu na picha zinafika arobaini. Je, nikirekodi video ya skrini nikipitisha ujumbe wote, itanifaa zaidi?

Mdau wa Chumbageni

Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi za ukarani zinazonikutanisha na nyaraka za namna hiyo, ingawa si wakili, kwa hiyo lichukue hili kama mwanzo tu wa kwenda kumwona wakili.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Uzito wake hupimwa kwa kuangalia ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyowasilishwa, na kama ukamilifu wake umelindwa. Kwa mtazamo huo video ina faida moja ambayo picha haina: inaonyesha mfululizo. Anzia kwenye orodha ya mazungumzo, fungua jina la huyo mtu ili namba yake ya simu ionekane, rudi kwenye mazungumzo, upande hadi ujumbe wa kwanza wa makubaliano, kisha ushuke polepole ili tarehe zisomeke. Usikate kitu mwanzoni wala mwishoni. Nakala ya awali ihifadhi bila kuipitisha WhatsApp, na mazungumzo yenyewe usiyafute, kwa maana video ni kivuli cha ujumbe na ujumbe wenyewe ndio utakaoulizwa.

Kwa Katibu, naomba niseme pia kwamba ulivyoumia kwa ajili ya yule mwenye mkopo ulikuwa na haki. Tangu mwaka 2023 inatumika nchini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za madeni ya mtu aliyetajwa kwa jina si jambo dogo mbele ya sheria hiyo.

Binti wa Pangani

Ahsanteni nyote. Nina neno juu ya jambo lililo jirani na hili. Wiki iliyopita mama alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mhudumu, akamwambia awashe kushiriki skrini ili "amsaidie". WhatsApp ina uwezo huo wa kuonyeshana skrini wakati wa simu ya video tangu mwaka 2023. Kwa bahati mama hakujua pa kubonyeza, akakata. Je, njia hiyo si ndiyo rahisi zaidi kwangu mimi na yeye, badala ya kurekodi?

Fundi Mkwakwani

Dada, mshukuru Mungu. Kuonyesha skrini moja kwa moja na kurekodi ni vitu viwili tofauti kwa jambo moja kubwa: ukirekodi, unaitazama video kabla ya mwingine kuiona. Ukionyesha moja kwa moja, hakuna kurudi nyuma. Ujumbe wenye namba ya uthibitisho ukiingia, aliye upande wa pili ameusoma pamoja nawe. Wewe na mama yako mzazi mnaweza kuitumia, mradi wewe ndiye uliyempigia na hakuna fedha inayoguswa. Mwambie kwamba akiombwa jambo hilo na mtu mwingine yeyote, hata akijiita nani, akate.

Simu zenye matoleo mapya ya Android zinakuuliza pia kama unataka kurekodi skrini nzima au programu moja tu. Ukichagua programu moja, arifa za programu nyingine haziingii kwenye video. Aliye na simu hiyo achague hivyo.

Binti wa Pangani

Nimerekodi upya, vipande vitatu vya sekunde hamsini kila kimoja. Mama ametazama na amempigia mdogo wangu mwenyewe leo mchana, kwa mara ya kwanza bila kuita mtoto wa jirani. Alinipigia baadaye kunijulisha, naye kwa simu ya video, uso wake umeonekana nusu tu.

Swali la mwisho, Katibu. Kila kipande changu kinaishia na pazia la juu likishuka, kwa sababu ndipo ninapokwenda kusimamisha. Hilo lina ubaya?

Katibu wa Ngamiani

Hongera kwako na kwa mama. Ndiyo, lina ubaya, na hapo ndipo wengi tunaposahau. Ulipovuta pazia ili usimamishe, arifa zote zilizokuwa zikisubiri zimeonekana: nani amekuandikia, benki imesema nini, umekumbushwa nini. Usinisumbue imezizuia zisidondoke, lakini ndani ya pazia bado zimo.

Fungua video kwenye programu ya picha ya simu yako, gusa alama ya kuhariri, ushike ncha ya mwisho ya ule mstari wa picha ndogo uisogeze kushoto hadi mahali ambapo pazia halijaanza kushuka. Hifadhi kama nakala mpya, itazame nakala hiyo hadi mwisho wake, kisha uifute ile ya awali ili usije ukaituma kwa kukosea siku nyingine. Na kabla ya kurekodi kipande kinachofuata, safisha pazia lote kwanza, libaki tupu.

Mwalimu wa Muheza, haya ya kukata na kufuta hayakuhusu wewe. Ya kwako iache ilivyo, pazia na yote.